Moshi wa Sirwet, Sehemu ya Tisa: Siku ya Kuonyeshwa Samaki

Mkono uliomshika Chepkorir begani, ndani ya magofu ya Gede, haukuwa wa jini wala wa mwizi.

Ulikuwa wa binti yake.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, shika hapa. Chepkorir ni mjane wa Kimutai, aliyekuwa mkamuaji katika shamba la kaburu pale Sirwet, njia ya Kesses. Kaburu aliuza akaenda zake, wananchi wakaungana wakanunua. Sasa Mwenyekiti wa chama chao, Wilson Kipngetich, amewapakia wanachama wote kwenye basi kutoka Eldoret mpaka Malindi, waione bahari kabla hawajafa. Zawadi ya mavuno, alisema. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuja, na nyumba chache zikaacha mtu wa kulinda moto.

Jeruto aliachwa kulinda moto.

Mama yake alimwachia kibiriti, mzigo wa kuni na amri moja, moto usizimike. Na sasa huyu hapa Gede, karibu na Malindi, mwendo wa siku mbili kutoka jikoni kwao, nywele zimejaa vumbi, midomo imepasuka.

"Mama," alisema, "kumbe u mzima."

Chepkorir alimvuta karibu. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua ndama wa kununua. Alipoona hana jeraha, akauliza jambo moja.

"Moto umemwachia nani?"

Jeruto akatazama chini.

Usimwone Chepkorir kuwa mama mwenye roho ngumu. Sheria ya Sirwet ndiyo iliyomfanya aulize moto kabla ya kuuliza safari.

Shamba lile liligawanywa kwa mdomo tu. Wewe kutoka mti huu mpaka kijito, wewe kutoka kijito mpaka kwenye dipu ya zamani ya kuogeshea ng'ombe. Karatasi zilimngoja mpimaji wa serikali. Kwa hiyo wanachama walikutana katika kibanda cha kukamulia wakakata shauri hivi: siku ya kupima, mpimaji atatoka alfajiri atazame mapaa. Nyumba yenye moshi ina watu. Ataingia, ataandika jina la aliye jikoni, atachukua kidole chake kwa wino, kisha atapigilia vigingi kwenye pembe za shamba. Nyumba isiyo na moshi atairuka, na kamati itaamua apewe nani.

Walioitunga ni maskini wenyewe, ili matajiri wa Nairobi wasinunue hisa na kukaa huko huko wakingoja hati. Ilikuwa sheria nzuri. Mtego mzuri mara nyingi hujengwa kwa sheria nzuri.

Na Mwenyekiti alikuwa amewaapia kwamba mpimaji hafiki mpaka Februari. Hii ilikuwa Januari, mwaka wa sabini na mbili.

Jeruto akasimulia kwa pumzi fupi. Jumatatu, watu wageni walipiga hema karibu na dipu, wakasimamisha kioo juu ya miguu mitatu. Jioni ile ndugu yake Mwenyekiti akaja na pikapu ya Pijo. Akamwambia Jeruto mama yake ameanguka baharini, amelazwa hospitali Malindi, analia jina la mtoto wake. Wengine hakuwaambia hivyo. Aliwaambia Mwenyekiti amewahurumia, nao waje waone bahari. Walinzi wa moto wote tisa wakapanda.

"Nilimwaga maji jikoni, Mama," Jeruto alisema. "Nyumba ni ya nyasi. Nikafikiri upepo ukiingia, na wewe uko hospitali, turudi tukute majivu."

Hilo ndilo lililomchoma Chepkorir. Mtoto alifanya vile vile alivyofunzwa. Mtoto mjinga angeacha makaa, na huenda yangefuka mpaka leo.

"Umefanya vizuri," akamwambia, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Waithira alikuwa karibu akisikia yote. Huyu ni jirani yao wa ng'ambo ya kijito, mwanamke wa viazi na duka dogo, aliyekuja Sirwet kutoka upande wa Murang'a na mume ambaye baadaye alihama peke yake. Waithira hakuamini basi wala hoteli, kwa hiyo alitembea na mali yake yote kikapuni hata ndani ya magofu.

"Nyumba yangu nilimwachia mama mkwe," alisema. "Yuko wapi?"

Jeruto akaonyesha kwa kidevu. Bibi kizee wa watu alikuwa ameketi juu ya ukuta wa sultani, anakula chungwa.

Waithira akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema basi Sirwet nzima iko hapa, na huko hakuna hata paka wa kupuliza jiko.

Wakati huo mwonyeshaji wa magofu alikuwa akiwapitisha watu mlango hadi mlango. Huku palikuwa msikiti, huku kisima, huku jikoni kwa wenye mali. Mbuyu umeota sebuleni kwa mtu. Akawaambia watu wa mji huu waliondoka siku moja, wakaacha vyungu vyao, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini.

Mzee Mburu akainua fimbo. Mzee huyu katika ujana wake aliwabebea wapimaji wa Kizungu mnyororo wa kupimia, tangu Soy mpaka Burnt Forest, na aliona kila kitu duniani kwa jicho la mpaka.

"Na mashamba yao," aliuliza, "yalichukuliwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwonyeshaji naye akacheka. Chepkorir alizitazama zile nyumba zisizo na paa, mafiga meusi bado yako pembeni, na akahisi baridi ya Eldoret ikimpanda mgongoni katikati ya joto la pwani.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti.

Wilson Kipngetich alivaa koti na tai hata kwenye jua lile. Zamani alikuwa karani wa kaburu, na tangu siku hizo hakuwahi kuonekana bila kalamu mfukoni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimsikiliza Chepkorir mpaka mwisho, akitingisha kichwa kama mchungaji anayepokea maungamo.

"Wale ni watu wa barabara, Mama Jeruto," alisema. "Wanapima njia ya lami. Mtoto ameona miguu mitatu akafikiri ni mpimaji wa mashamba."

"Na mimi kuanguka baharini?"

"Ndugu yangu anapenda mzaha. Nitamkemea."

"Nataka kwenda posta nipige simu."

"Posta haina miguu," Mwenyekiti alisema. "Tuone samaki kwanza, halafu basi itapita posta. Usiwaharibie wenzako siku yao."

Akapiga makofi, akawatangazia wote. Leo ni mashua za kioo, mtu anatazama chini anaona samaki bila kulowa. Kesho watakwenda nje ya mwamba, kwenye maji meusi, huko ndiko kuna mambo makubwa. Jumamosi safari ya kurudi. Watu wakashangilia. Nani asingeshangilia? Wengi wao maji makubwa waliyowahi kuona ni bwawa la ng'ombe.

Ndani ya basi Chepkorir alijaribu. Alikwenda kiti kwa kiti akiwaeleza. Wengine walishtuka. Wengine wakamwambia asiwe na wasiwasi, Mwenyekiti ni mtu wa kanisa. Mmoja akasema wazi kwamba Chepkorir anasumbuliwa na shamba lake kwa sababu ndilo lenye chemchemi, na mwenye chemchemi huona wezi hata mchana. Watu wakacheka tena.

Kuhusu chemchemi hakukosea. Nyumba ya kumi na saba, ya Chepkorir, ndiyo yenye maji yasiyokauka hata Februari. Na mara mbili Mwenyekiti alikuwa ameomba wabadilishane.

Walipofika Malindi, basi ikasimama penye nguzo ya Wareno, ile nyeupe yenye msalaba, juu ya jabali linalopigwa na mawimbi. Mwonyeshaji wa pale akaeleza kwamba Wareno walikuja na merikebu, wakaisimamisha, wakaendelea na safari yao mpaka Bara Hindi.

Mzee Mburu akaizunguka, akaigonga kwa fimbo.

"Hii ni bikoni ya mpaka," akatangaza. "Mzungu haachi jiwe bure. Anaweka jiwe, anaondoka, halafu mtoto wake anakuja anasema, jiwe la baba yangu liko wapi?"

"Mzee, twende, samaki wanangoja," Mwenyekiti akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na ukali kidogo.

Mashua zilikuwa tatu. Mwenyekiti mwenyewe alisimama mchangani akiwapanga watu kwa majina. Mashua ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa. Ya tatu ilipewa watu wachache tu: Chepkorir na binti yake, Waithira na kikapu chake, Mzee Mburu, na wazee wengine wawili ambao ndani ya basi walikuwa wamekubaliana na Chepkorir.

Waithira aliliona. Akamnong'oneza Chepkorir kwamba hapa hawapangwi, hapa wanachambuliwa kama maharage.

Lakini ahadi ya posta ilikuwa baada ya samaki, na njia ya kuifikia posta ilikuwa kupitia kwa samaki. Wakapanda.

Sitawanyima haki samaki wale. Walikuwa wazuri. Chini ya kioo walipita wengine wa manjano, wengine wenye mistari kama punda milia, mmoja wa samawati kama gauni la harusi. Jeruto alisahau kwa dakika mbili. Mzee Mburu aliuliza kama kuna anayewachunga.

Nahodha alikuwa mtu wa Malindi, kijana wa miaka thelathini hivi, mchangamfu. Kwa kuchangamka kwake akasema neno ambalo hakujua uzito wake.

"Bwana wenu mkarimu sana. Amekodi mashua siku nne. Ameniambia, wageni wangu hawana haraka, waweke baharini mpaka jioni. Kesho anataka moja tu, ile ndogo, ya kwenda nje."

"Ndogo ya watu wangapi?" Chepkorir akauliza.

"Wawili, mama. Watatu wakikaa vizuri."

Chepkorir akamvuta Jeruto karibu.

Nahodha akawafikisha kwenye kisiwa cha mchanga mweupe, katikati ya bahari, safi kama unga wa ngano. Akasema bwana ameagiza washuke hapa waokote kombe za baharini, yeye anarudi pwani kuleta soda. Chepkorir alikataa kushuka. Nahodha akaapa kwamba kila mgeni hushuka hapa, hata Wazungu, na hapana anayeumwa na mchanga. Mashua ilikuwa ikitikisika, wazee walikuwa wameanza kutapika, wao wenyewe wakaomba ardhi. Wakashuka.

Hapo watu wa nyanda za juu wakafanya kosa ambalo mtoto yeyote wa Malindi angelicheka.

Walivua viatu, wakavipanga ukingoni mwa maji, kama wanavyofanya kwenye kijito wakitaka kuvuka. Waithira akaweka kikapu chake pale pale, na wazee wakatandaza makoti yao. Kisha wakaenda katikati ya kisiwa kuokota kombe. Kwao maji yakikaa mahali, yamekaa. Bwawa halimfuati mtu.

Jeruto ndiye aliyegeuka kwanza.

"Mama, viatu viko wapi?"

Viatu vilikuwa vinaondoka. Kimoja cha Mzee Mburu kilikuwa kimeshafika mbali, kinaelea pua juu kama mtumbwi. Kikapu cha Waithira kilikuwa kimelala ubavu ndani ya maji. Alikikimbilia akakinyakua, gauni likamlowa mpaka kiunoni.

Walidhani wamekosea mahali. Wakarudi nyuma hatua kumi, wakaweka alama kwa fimbo. Punde fimbo ikawa ndani ya maji.

"Inapanda," akasema Mzee Mburu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ng'ombe akipanda mti. "Bahari inapanda."

Kisiwa kilichokuwa kama uwanja wa mpira kikawa kama ua wa nyumba. Ua ukawa kama sakafu ya chumba. Pwani ilionekana, ndogo, na miti yake ya mivinje, na chini ya mivinje ile basi lao. Walipunga mikono. Walivua vitambaa wakapunga vitambaa. Mtu mmoja mwenye koti alisimama pale mchangani akiwatazama. Kisha akageuka akaenda zake taratibu, kama mtu aliyekumbuka chakula cha mchana.

Waithira akakamua gauni lake.

"Hata hapa tumegawiwa shamba bila hati," alisema.

Hakuna aliyecheka, lakini ilisaidia. Chepkorir akawaambia washikane mikono, wazee katikati. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yakapanda. Jeruto akauliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyeleta mkosi kwa kuzima moto. Mama yake akamwambia anyamaze, ashike mkono.

Maji yalikuwa magotini walipoiona mashua.

Nahodha alikuwa anapiga makasia kama mwendawazimu. Hakuwa amebeba soda. Aliwavuta ndani mmoja mmoja, akiomba radhi, na wote walipokuwa ndani akakaa akashika kichwa.

"Yule bwana aliniambia nije saa kumi," alisema. "Nikamwambia, bwana, leo bamvua, maji makubwa, saa kumi maji yatakuwa shingoni. Akaniambia, fanya kama ulivyolipwa. Nikamwacha aende hotelini, nikaja."

"Umesema shingoni," Mzee Mburu akarudia.

"Shingo ya mtu mrefu, mzee."

Saa nane na nusu wakakanyaga pwani, bila viatu. Wanachama wengine na Mwenyekiti walikuwa hotelini wakila wali. Chini ya mivinje palikuwa na basi na dereva wake, Adongo, mtu aliyezaliwa katika nyumba za reli pale Eldoret na aliyejua Kinandi cha matusi kuliko Wanandi wenyewe. Alikuwa amelala juu ya usukani.

Waithira akamgonga begani. Akamwambia wanataka posta, sasa hivi.

Adongo akawatazama, miguu mitupu, nguo zinachuruzika. Akakuna shingo. Akasema ameamriwa na Mwenyekiti asimpeleke mtu yeyote posta mpaka Jumamosi.

"Adongo," Waithira akasema, "wewe unaendesha basi au unachunga mbuzi za Wilson?"

Dereva akafikiri. Akawatazama tena, hasa Mzee Mburu aliyekuwa amefunga kitambaa cha mtu mguuni.

"Niliambiwa nisiwapeleke posta," alisema. "Sikuambiwa nisipite hapo karibu na basi ikaniharibikia."

Basi ikamharibikia mbele ya mlango wa posta, saa tisa kasorobo.

Chepkorir hakuhitaji kitabu cha simu. Miaka sita alifagia nyumba kubwa ya kaburu, na kila siku alipangusa vumbi juu ya ile simu nyeusi na nambari yake iliyobandikwa. Alijua tena kwamba mpimaji yeyote akija, nyumba kubwa ndiyo ofisi. Kama wale ni watu wa barabara, simu italia bila kupokelewa. Kama ni mpimaji, itapokelewa.

Aliomba moyoni isipokelewe.

Msichana wa posta akamwita wa Mombasa, wa Mombasa akamwita wa Nairobi, Nairobi ikaita Nakuru, Nakuru Eldoret. Kila mahali walingoja. Maji ya chumvi yalikauka kwenye ngozi zao yakaacha weupe kama wa watoto walioogeshwa kwa majivu. Jeruto alikaa sakafuni. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu, halafu saa kumi kasorobo, na msichana akaanza kukusanya karatasi zake, akisema posta inafungwa saa kumi na foleni ya Nairobi ni ndefu.

Kisha akamnyooshea Chepkorir kidole. Ongea.

Simu ilikuwa inalia Sirwet. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya nne.

Ikapokelewa.

Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya mtu aliyesoma, ya adabu. Akajitaja kuwa mpimaji kutoka Nakuru. Akauliza amsaidie nani.

 Chepkorir akashika meza. Akasema yeye ni mwanachama, yuko mbali, anataka tu kujua kama kazi imeanza.

"Tumemaliza, mama," mpimaji akasema. "Leo asubuhi. Sijaona shamba lenye watu watiifu hivi."

"Umemaliza nyumba zilizo na moshi?"

"Nyumba zote zilikuwa na moshi."

Chepkorir akageuka, akawaambia wenzake kwa mdomo bila sauti: moshi upo. Waithira akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa Kikuyu. Mzee Mburu akaketi kwenye benchi kama aliyekatwa kamba. Mtu mwema, labda jirani wa kutoka Kesses, labda watu wa kanisa, wamepita wakawawashia. Yapo mambo kama hayo. Hata Chepkorir alitabasamu, na ni wakati huo huo alipokumbuka kwamba moshi hauandikwi kwenye karatasi. Anaandikwa mtu.

"Nyumba ya kumi na saba," alisema. "Hiyo ya chemchemi. Ulimkuta nani?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Kumi na saba. Hapo nilikunywa chai. Mjane wa marehemu Kimutai. Chepkorir. Karani wa chama aliyebaki huku alinitambulisha, na kidole ameweka mwenyewe."

Waithira aliona uso wa mwenzake ukibadilika, akasogea, akabandika sikio upande wa pili wa simu.

"Bwana," Chepkorir akasema, "Chepkorir ni mimi."

Waya ukavuma, maili zote zile.

"Mama, samahani," mpimaji akasema. "Jina naweza kufuta. Kidole siwezi. Kidole kikishakaa kwenye karatasi ya serikali, mwenye kidole ndiye mwenye shamba. Una uhakika na unalosema?"

"Kwani nimezikwa, mpaka nikose uhakika?"

"Basi ngoja. Huyo mama yuko hapa nje, amekuja kuchukua nakala yake. Nitamwita. Semeni ninyi wawili."

Msichana wa posta akainua vidole viwili. Dakika mbili zimebaki. Nje, Adongo akapiga honi mara moja, fupi. Mwenyekiti alikuwa anakuja barabarani kwa miguu, koti limefungwa vifungo vyote.

Katika simu zikasikika nyayo, mlango, kisha pumzi ya mtu asiyezoea chombo kile.

"Halo," ikasema sauti ya mwanamke.

"Chamgei," Chepkorir akamsalimu. "Wewe ni nani unayepika kwenye mafiga yangu?"

 Yule mwanamke alishusha sauti, kama anayefunika chombo kwa kiganja ili mpimaji asisikie.

"Mimi sina kwetu, mama. Niliambiwa kuna nyumba ina maji, nikae, niitikie jina lako. Waliniapia kwamba mwenyewe amekufa maji huko pwani, yeye na binti yake."

"Walikuambia nimekufa lini?"

Pumzi. Nje, hatua za viatu juu ya kokoto.

"Hilo ndilo linalonishangaza," mwanamke akasema. "Walisema kesho."